Saa Iliyohesabu Mwanga

Wauguzi walimwita Bosi. Alikuwa na umri wa siku chache tu, lakini alilala chali chini ya taa ya bluu akiwa na nepi na kitambaa cheusi machoni, mikono ameitupa huku na huku, kama tajiri aliyejilaza juani na miwani yake. Mama yake, kwa hiyo, akawa Mama Bosi. Jina likamkaa kabla mtoto hajapata lake.

Bosi alikuwa amegeuka manjano. Hali hiyo huwapata watoto wachanga wengi, na wengi wao hupona bila kelele. Tiba yake ni mwanga. Mwanga wa bluu ukiipiga ngozi, huivunja ile rangi iliyozidi kwenye damu, nayo hutoka kwa choo na mkojo. Rangi hiyo ikiachwa ipande, hufika ubongoni, na madhara yake huko hayafutiki. Daktari wa watoto alikuwa ameagiza mwanga mchana na usiku, taa izimwe wakati wa kunyonya tu. Wauguzi walifanya kama walivyoagizwa. Hata hivyo, kila damu ilipopimwa, manjano yalikuwa palepale, au yamesogea juu kidogo.

Fundi wa vifaa vya hospitali alikuwa na sababu yake ya kumfuatilia Bosi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa miguu, mwenye bisibisi kwenye mfuko wa koti pale ambapo wenzake huweka kalamu. Chumba cha mwanga kilikuwa na kasoro ambayo kila mtu aliijua na hakuna aliyeishughulikia. Saa za tiba ziliandikwa kwa kutazama saa ya ukutani, na saa hiyo ilikuwa ya betri. Umeme ulipokatika, taa ilizimika, lakini saa iliendelea kutembea kana kwamba hayo hayaihusu, na mtoto akaandikiwa mwanga ambao hakuupata. Jenereta lilihudumia chumba cha upasuaji peke yake. Fundi aliliona jambo hilo, likamkera, akatengeneza kifaa.

Hakikuwa kitu cha ajabu. Kihisi mwanga, kidogo kama punje ya mahindi, kilibandikwa kwenye godoro, kando ya bega la mtoto. Gizani, kihisi huuzuia umeme usipite. Kikipata mwanga wa kutosha, hulegeza kizuizi, umeme hupita, na sakiti huiamsha saa ndogo ya namba. Mwanga ukiondoka, saa husimama ilipofika na kusubiri. Alikifunika kihisi kwa kipande cha plastiki ya bluu ili jua la dirishani lisikidanganye. Saa, sakiti na betri alivipanga ndani ya kisanduku cha sabuni ya kuogea, kwa sababu ndicho kilichokuwapo.

Sista Mkuu wa wodi alikipokea kifaa hicho kama mama anavyompokea mkwe asiye na kazi. Hakukikataa. Alikitazama tu, akauliza kitakaa hapo mpaka lini.

Bosi ndiye aliyekuwa wa kwanza kulala nacho, na shida ilianza naye.

"Mdogo wangu," Sista Mkuu alimwambia Fundi mlangoni, asubuhi, kabla hata ya salamu, "hii saa yako ina usingizi kuliko mtoto."

"Inasoma ngapi?"

"Nusu ya ile ya ukutani. Nusu! Na umeme haujakatika hata mara moja tangu mtoto aingie. Kila nikipita, taa inawaka. Kila muuguzi akipita, taa inawaka. Sasa wewe niambie, nimwamini nani, macho yangu au kisanduku cha sabuni?"

Fundi hakubisha. Alikichukua kifaa hadi karakanani, akakiweka chini ya taa ya akiba, akakilinganisha na saa yake ya mkononi huku akitengeneza mashine ya kufyonza makohozi. Havikutofautiana. Alikitikisa, akakipiga kofi, akavuta kila waya. Kilihesabu tu. Bado hakuridhika. Alibadilisha kihisi, akayeyusha upya risasi ya kulehemu kwenye kila kiungo, akakirudisha wodini na kumwekea Bosi upya kando ya bega. Mama Bosi, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, alimwangalia akifanya kazi bila kuuliza lolote. Mikono yake ilikuwa imetulia mapajani.

Kesho yake saa ilisoma nusu tena.

Siku hiyo daktari wa watoto alikuja na majibu ya damu mkononi. Alikuwa mtu mpole, asiyependa kusema jambo zito akiwa amesimama, kwa hiyo alivuta kiti cha Sista Mkuu akaketi.

"Yamepanda tena," alisema. "Kama saa ya ukutani ni ya kweli, mtoto huyu amepata mwanga wote niliomwagizia na haukumsaidia. Maana yake kuna kitu kingine kwenye damu yake, na kitu hicho mimi siwezi kukisubiri hapa. Inabidi aende hospitali kubwa, akabadilishiwe damu."

"Na kama saa yangu ndiyo ya kweli?" Fundi aliuliza.

"Basi hajatibiwa. Amepewa nusu ya dawa, na nusu ya dawa si dawa. Ningemwacha hapahapa nimpe iliyobaki." Daktari alivua miwani, akafikicha macho. "Lakini mwanga umeenda wapi, Fundi? Taa inawaka. Nionyeshe ulipokwenda, nami nitakusikiliza. Nisipojua, siwezi kucheza na ubongo wa mtoto wa watu. Njia ya kule ni ndefu, na garini hakuna taa. Nalijua hilo. Gari litaondoka alasiri."

Alipotoka, Sista Mkuu alishusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye wodi mbili na wauguzi wa wodi moja.

"Sikiliza," alisema kwa upole zaidi. "Kitoe hicho kidude hapo godoroni, ukipandishe juu kwenye taa. Huko mwanga ni mwingi. Kitasoma sawa na saa ya ukutani, na maneno yataisha. Mbona unajitafutia lawama?"

Fundi alikuwa ameshashika bisibisi. Kwa hakika alitamani. Kifaa kingeonekana kizima, na jina lake lingepona. Alipiga hatua hadi mlangoni, akasimama.

"Kikikaa kwenye taa, Sista, kitapima taa. Mimi nataka kipime mtoto."

"Haya. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole."

Fundi alirudi karakanani na kufikiri kwa utaratibu, kama alivyofundishwa chuoni. Kifaa kikifanya kazi mezani na kikashindwa kitandani, chunguza kitanda. Huenda mtoto aliulalia waya alipogeuzwa. Huenda kulikuwa na kiungo kilichoachia kwa dakika chache kisha kikashika. Namba za saa zilimwambia jumla tu. Hazikumwambia lini ilisimama. Akaunganisha taa ndogo ya kijani kwenye kisanduku: saa ikihesabu, taa iwake, saa ikisimama, izimike. Kisha akakirudisha kifaa kwa Bosi. Akaketi kwenye benchi la korido, mkabala na kioo cha mlango, akiwa na mizani ya watoto magotini, akikaza skrubu ambayo haikuwa imelegea.

Taa ya kijani iliwaka. Muuguzi aliingia, akatazama, akatoka. Taa iliendelea kuwaka. Hatua za muuguzi zilififia kwenye kona ya korido, zikaisha.

Taa ya kijani ikazimika.

Fundi aliinua macho kutoka kwenye kisanduku. Taa kubwa ya bluu ilikuwa inawaka kama kawaida. Mama Bosi alikuwa amesimama. Alikuwa amekunjua shuka lake, amelishika kwa mikono miwili iliyonyooka, na amelitandaza hewani juu ya kitanda, katikati ya taa na mtoto, kama mtu anayemzuilia mwenzake mvua. Shuka halikumgusa mtoto. Mama hakuegemea popote. Alisimama hivyo, na akaendelea kusimama, hata mikono ikaanza kutetemeka, kwanza viganja, kisha viwiko. Hakuishusha.

Fundi aliiweka mizani chini. Jambo la kwanza lililomjia ni furaha, na aliionea haya papo hapo. Kifaa kilikuwa kizima. Kilikuwa kimesema kweli tangu mwanzo. Angeweza kumwita Sista Mkuu aje atazame kwa macho yake anayoyaamini. Badala yake, alikohoa kidogo, akagonga kioo, akaingia taratibu.

Shuka lilikuwa tayari limekunjwa mapajani. Mama Bosi alikuwa ameketi.

"Mikono haijakufa ganzi?" Fundi aliuliza.

Mama Bosi alimtazama. Fundi alivuta ndoo tupu, akaipindua, akaikalia.

"Utanisemea, dada?" Mama Bosi aliuliza mwishowe.

"Kwanza niambie unamkinga na nini."

"Na hiyo." Alionyesha taa kwa kidevu, kama mtu asiyetaka kumnyooshea kidole adui aliye karibu. "Mume wangu ni fundi wa kuchomelea. Anatengeneza mageti. Nikimpelekea chakula kazini ananipigia kelele: geuka, geuka, usitazame! Mwanga wenyewe ni huohuo, wa bluu. Alipoanza kazi hakuwa na kinga. Usiku akalia kama mtoto, anasema macho yamejaa mchanga. Shingo ikababuka, ngozi ikatoka vipande. Mtu mzima yule, dada. Mwenye ngozi ngumu kama kiatu." Alimgusa mwanawe kwenye unyayo kwa kidole kimoja. "Sasa huyu? Uchi? Mchana kutwa, usiku kucha?"

"Na kitambaa cha macho?"

"Cha macho ni cha macho. Ngozi je?"

Halikuwa swali la kijinga. Lilikuwa swali la mtu aliyeona.

"Hukuwauliza wauguzi?"

"Waliniambia nisiguse taa. Sikuigusa." Alisema hivyo kwa unyofu kabisa. "Wakiwapo namwacha apate kidogo, maana labda na dawa imo. Wakitoka namfunika. Nikasema tugawane, nusu kwa nusu."

"Ndiyo maana saa yangu inasoma nusu. Wewe umegawa kwa haki kuliko mizani."

Mama Bosi alikaribia kucheka, kisha macho yakajaa machozi. Fundi alimweleza. Alimwambia kwamba rangi moja haina maana ya ukali mmoja. Kwamba moto wa mshumaa na moto wa tanuri vyote ni moto. Kwamba mwanga wa kuchomelea una miale mikali isiyoonekana, na taa hii imetengenezwa isiwe nayo. Alimwambia kwamba ameipima yeye mwenyewe. Mwishowe alimwambia habari ya gari la alasiri, na kubadilishiwa damu, na sababu yake. Mama Bosi alishika ukingo wa kitanda.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni hofu. Na hofu yako ina akili. Lakini imekosea taa."

"Unasema hivyo. Mume wangu naye alisema hivyohivyo siku ile ya kwanza. Akasema hakuna kitu, mbona mwanga tu. Usiku ndio ukamjibu." Aliinua kichwa. "Nitajuaje, dada? Mimi siyo wewe. Mimi sina cha kupimia."

Fundi alitazama chini. Angeweza kumwamuru, na mama angetii mpaka hatua za wauguzi zifike konani. Baada ya hapo shuka lingepanda tena.

"Baba Bosi anakuja saa ya kuona wagonjwa?"

"Yuko nje getini, anasubiri wafungue. Ametoka kazini."

Fundi alikwenda getini. Alimtambua bila kuonyeshwa: mwanamume mrefu mwenye macho mekundu, shati lake limetobolewa na cheche kama lililoliwa na mende, na mfuko wa zana begani.

"Fundi mwenzangu," Fundi alisema, "kile kioo cheusi unachovaa usoni unacho humo?"

"Ninacho. Nikikiacha kazini nakuta kimeota miguu. Kuna geti la kuchomelea huku?"

"Kuna mke wa kumtoa wasiwasi."

Baba Bosi alisikiliza njiani. Alipofika chumbani hakumlaumu mkewe. Alinawa mikono, akamsalimia mwanawe kwa kumpungia, akatoa mfukoni ngao ya uso, ile ya plastiki nyeusi yenye dirisha dogo la kioo, akaivaa na kuinama mbele ya taa ya bluu. Alikaa hivyo huku akigeuza kichwa kushoto na kulia.

"Vipi?" mkewe aliuliza.

"Giza. Sioni kitu. Imezimwa?"

"Inawaka!"

"Njoo uone mwenyewe."

Mama Bosi aliipokea ngao, akaishikilia usoni. Alikawia sana ndani yake. Sauti yake ilitoka ikiwa imezibwa. "Ni weusi mtupu."

"Sasa sikia. Mimi nikichomelea, ndani ya kioo hichohicho naona moto. Naona chuma kikiyeyuka, naona mpaka ninapokwenda. Mwanga wangu unapenya hapo. Huu haupenyi hata chembe." Alikigonga kioo kwa ukucha. "Huu ni mwanga wa dukani, mama. Wa kwangu ndio simba. Huu ni paka, tena wa kufugwa."

"Una hakika?"

"Ngozi iliyobabuka ni ya nani, ni yako au yangu? Ungekuwa mwanga ule, ningemlaza mwanangu hapo?"

Mama Bosi aliivua ngao. Alikunja mkono wa blauzi, akauingiza mkono wake mtupu chini ya taa, karibu na mwanawe, akautazama. Mumewe alifungua kinywa; Fundi alimkonyeza anyamaze. Walisubiri. Mama aliugeuza mkono, akasubiri tena, akaugusa kwa mkono mwingine, akaunusa. Kisha akalichukua shuka lake, akalikunja mara nyingi hadi likawa dogo kama mkate, akampa mumewe.

"Liweke kwenye mfuko wako. Lirudi nyumbani."

Taa ya kijani ilikuwa inawaka.

Daktari na Sista Mkuu walikuwa na karatasi za safari mezani. Fundi alikuwa amepanga maneno yake njiani. Angesema kwamba mwanga ulizuiwa, na kwamba sasa hauzuiwi. Angekomea hapo. Hakupata nafasi, kwa sababu Mama Bosi alimfuata nyuma na kumpita.

"Ni mimi, daktari. Nilikuwa namkinga na shuka. Nilidhani taa inamuunguza. Wauguzi hawana kosa."

Sista Mkuu alisimama, na kila aliyemjua alijua kinachofuata. Kifua kilipanda. Kisha alimtazama mwanamke yule mwenye mkono mmoja wa blauzi uliokunjwa, na mume aliye nyuma yake mwenye matundu ya cheche kifuani, akaelewa mambo kadhaa kwa pamoja. Kifua kikashuka.

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka," alisema. "Nami nilikuambia usiguse tu. Sikukuambia kwa nini." Alimgeukia Fundi. "Na wewe na kisanduku chako, usinitazame hivyo."

"Sijasema kitu, Sista."

"Macho yako yanasema."

Daktari hakucheka. Aliuliza maswali mafupi: tangu lini, kwa muda gani, mchana na usiku? Mama Bosi alijibu yote. Daktari alizisukuma karatasi pembeni bila kuzichana.

"Ninampa mpaka jioni. Taa mbili badala ya moja, na hakuna kivuli. Tutapima kabla jua halijazama. Yakipanda hata kidogo, gari linaondoka, na sitaki ubishi. Dereva asiende mbali."

Alasiri ile ilikuwa ndefu. Fundi hakuwa na kazi wodini, lakini alijipatia. Mama Bosi alikaa karibu na kisanduku kuliko karibu na mtoto, macho kwenye ile taa ndogo. Muuguzi alipoinama kumgeuza Bosi, kichwa chake kikaingia katikati, na kijani kikazimika.

"Kichwa, dada! Kichwa chako!" Mama Bosi alisema.

Muuguzi aliruka pembeni. "Jamani, hata mimi?"

"Hata daktari."

Baba Bosi alikuwa amekipindua kisanduku akikagua viungo kwa jicho la kazi. "Risasi yako hapa imelala vizuri," alimwambia Fundi. "Hapa pembeni ulikuwa na haraka." Fundi alitazama, akaona ni kweli, akamwambia asimwambie Sista.

Damu ilichukuliwa kisiginoni mwa Bosi, naye akapiga yowe lililosikika hadi jikoni. Walisubiri majibu. Dereva alikuja mara mbili kuuliza kama awashe gari. Mara ya pili Sista Mkuu alimwambia kwamba akirudi tena atapimwa damu yeye.

Daktari aliingia na kipande cha karatasi. Safari hii alisema akiwa amesimama.

"Yameshuka. Si sana. Lakini yameshuka. Gari lisiende."

Baba Bosi alimshika Fundi mkono na kuutikisa kama pampu ya maji. Sista Mkuu alijifanya anatafuta kitu mfukoni. Mama Bosi aliwaangalia wote, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayehakikisha kwamba ameruhusiwa.

"Naweza kumnyonyesha sasa?"

"Mnyonyeshe," daktari alisema.

Mama Bosi alizima taa zote mbili yeye mwenyewe, akamtoa mwanawe, akamfungua kitambaa cha macho. Bosi alinyonya kwa nguvu ya mtu aliyekosewa. Baba yake alijongea kumtazama usoni bila kile kitambaa cheusi, akampapasa nywele, akaanza kumweleza habari za geti alilolikatiza kazini. Mama aliwaacha kidogo. Kisha akamtoa mtoto kwenye titi, akamfunga kitambaa, akamlaza.

"Hajashiba, Mama Bosi!" mumewe alilalamika.

"Atashiba kwa zamu. Sogea, unamtia kivuli."

Akawasha taa, moja, kisha ya pili, akainama kutazama kama saa imeanza kuhesabu.